Kinga ya kivinjari: Omba kinachokosekana, subiri sasisho, usimfungulie tapeli mlango

Msimu wa kununua pamba unapofunguliwa, kwa kawaida mwezi wa Mei, simu za Mwanhuzi na vijiji vya Meatu huwa hazitulii. Mkulima anasubiri ujumbe wa malipo, katibu wa AMCOS anapiga, mtoto aliye chuoni Mwanza anaomba ada, na mwenye duka la pembejeo anakumbushia deni lake. Matapeli nao wanaujua msimu huo vizuri.

Kijana mmoja wa Mwanhuzi alitupigia simu akiwa na swali ambalo limetufanya tuandike makala hii. Simu anayoitumia ni ya baba yake. Mzee anaitumia kupokea hela na kuongea na ndugu, kijana ndiye anayeingia nayo mtandaoni. Alichoshwa na matangazo ya kubeti na kurasa zinazojifungua zenyewe, akaweka kiendelezi cha usalama kwenye kivinjari. Kilimsaidia, ila kuna jambo moja kilikuwa hakifanyi: hakikuzuia kurasa zinazoanza kupakua faili bila mtu kubonyeza chochote.

Basi akauliza kwenye kundi la WhatsApp lenye mamia ya watu: "Jamani, hiki kiendelezi wataongeza lini uwezo huo?" Haikupita muda, mtu asiyemjua akamwandikia pembeni: "Toleo jipya lenye hicho unachotaka limeshatoka. Pakua hapa." Akatumiwa faili. Alipolifungua, simu ikamuuliza kama anairuhusu programu hiyo kusoma meseji. Hapo akasita, akatupigia: "Kiendelezi cha kivinjari kinataka kusoma meseji za baba za nini?"

Jibu ni fupi: hakina sababu yoyote ya kuzisoma. Lile halikuwa sasisho. Ila swali lake la kwanza, la kiendelezi kuongezewa uwezo, lilikuwa halali kabisa, na kuna namna sahihi ya kuliuliza. Tutaeleza ombi la namna hiyo linapelekwa wapi, kwa nini majibu huchelewa, sasisho la kweli linafikaje kwenye simu yako, na ufanye nini wakati unasubiri.

Kivinjari na kiendelezi ni nini?

Kivinjari ni programu unayofungulia kurasa za mtandao. Chrome, Firefox na Opera Mini ni vivinjari. Ukibonyeza kiungo ulichotumiwa, mara nyingi kinachofunguka ni kivinjari.

Kiendelezi ni programu ndogo inayoingia ndani ya kivinjari na kukiongezea kazi. Kipo kinachozuia matangazo, kipo kinachozuia tovuti kukufuatilia, na kipo kinachozuia maagizo yaliyofichwa ndani ya ukurasa yasifanye kazi mpaka wewe uruhusu. Miongoni mwa viendelezi vya usalama vinavyojulikana sana ni NoScript, kilichoanzishwa mwaka 2005 na Giorgio Maone wa Italia, na uBlock Origin cha Raymond Hill, kilichoanza mwaka 2014.

Kwa watumiaji wa simu kuna jambo la kujua mapema. Chrome ya kwenye simu za Android, ambayo wengi wetu tunayo, haina nafasi ya kuweka viendelezi kama ile ya kompyuta. Firefox ya Android inayo. Ukiifungua Firefox, bonyeza alama ya menyu, kisha utafute palipoandikwa viendelezi au programu jalizi. Kiendelezi kinawekwa humo humo ndani ya kivinjari. Hakiji kama faili la kusakinisha ulilotumiwa na mtu kwa WhatsApp, na hakiombi kusoma meseji zako. Hiyo ndiyo alama ya kwanza ambayo yule kijana aliiona bila kufundishwa.

Tuseme pia kitu ambacho kiendelezi hakiwezi. Hakizuii simu ya tapeli anayejifanya mhudumu wa kampuni ya simu, wala hakizuii ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Kazi yake inaishia ndani ya kivinjari. Anayetumia kitochi hana haja nacho, lakini sehemu ya mwisho ya makala hii inamhusu.

Ombi linapelekwa wapi?

Watu wengi wanadhani programu zinatengenezwa na makampuni yasiyofikika. Kwa viendelezi, mara nyingi ni kinyume chake. Kiendelezi kinachotumiwa na mamilioni ya watu kinaweza kuwa kazi ya mtu mmoja, au ya watu wachache wanaojitolea baada ya kazi zao za kila siku. Raymond Hill, kwa mfano, ameeleza wazi kuwa hapokei michango ya fedha kwa ajili ya uBlock Origin. Watu kama hawa wanasoma wanachoandikiwa na watumiaji. Swali ni kumwandikia mahali anapoangalia.

Fungua ukurasa wa kiendelezi chako katika duka rasmi la viendelezi la kivinjari. Humo utakuta jina la mtengenezaji, na mara nyingi kiungo cha msaada au anwani yake ya barua pepe. Viendelezi vingi vina mahali pa wazi ambapo kila ombi linaandikwa, linapewa namba, na kila mtu anaweza kuona limefikia wapi. Hapo ndipo mlango wa mbele. Kundi la WhatsApp si mlango huo, hata kama limejaa wajuzi. Kuandika nyota moja kwa hasira kwenye duka nako hakusaidii sana, kwa sababu nyota haimwelezi mtengenezaji unataka afanye nini.

Kabla ya kuandika, fanya mambo mawili. Kwanza, angalia kama unachoomba hakipo tayari kwenye mipangilio. Maombi mengi yanajibiwa hivi: "Kipo, bonyeza hapa." Pili, tafuta kama kuna mwenzako ameshaomba. Ukilikuta ombi lake, liunge mkono badala ya kuanzisha jipya.

Ombi zuri huwa fupi na lina mambo haya:

- Unatumia simu gani na toleo gani la Android.
- Unatumia kivinjari gani, na kiendelezi ni toleo namba ngapi.
- Ulifanya nini hatua kwa hatua, na nini kilitokea.
- Ungependa kitokee nini badala yake.
- Kwa nini jambo hilo ni muhimu kwako.

Watu wengi hulisahau hilo la mwisho, nalo lina uzito mkubwa. Mtengenezaji aliyeko Ulaya au Amerika hajui kwamba Meatu simu moja inaweza kutumiwa na baba, mama na watoto watatu. Asipoambiwa, hawezi kulifikiria. Yule kijana wetu angeweza kuandika hivi:

"Natumia Firefox kwenye simu ya Android 10. Nikifungua baadhi ya kurasa, faili linaanza kupakuliwa bila mimi kubonyeza. Naomba pawe na kitufe cha kuzuia upakuaji wowote mpaka niruhusu. Simu hii tunaitumia familia nzima, na wazazi wangu hawasomi Kiingereza, kwa hiyo wanaweza kufungua faili baya bila kujua. Asante kwa kazi yenu."

Maneno hayo yanatosha. Ukiweza kuandika kwa Kiingereza, au kumpata mwalimu au mwanafunzi wa sekondari akusaidie, ni vizuri zaidi. Usipoweza, andika Kiswahili cha kawaida kisicho na vifupisho vya meseji. Siku hizi mashine za kutafsiri zinaelewa "kwa hiyo" kuliko "kwa iyo". Andika ombi moja kwa ujumbe mmoja.

Kumbuka kwamba mahali hapo ni pa wazi, kama ubao wa matangazo wa ofisi ya kata. Usiandike namba yako ya simu wala ya kitambulisho cha NIDA. Ukipiga picha ya kioo cha simu kuonyesha tatizo, hakikisha haionyeshi salio, majina wala meseji zako. Na yeyote atakayekufuata pembeni akidai ana toleo maalumu kwa ajili yako, mchukulie kama yule wa kwenye WhatsApp.

Mbona majibu huchelewa?

Kuchelewa kuna sababu zake, na ukizijua huwi mwepesi wa kumkimbilia anayekuahidi njia ya mkato. Tuchukue mifano minne iliyotokea kweli.

Tarehe 14 Novemba 2017, Firefox ilitoa toleo namba 57, lililobadilisha kabisa namna viendelezi vinavyotengenezwa. Vya zamani vikaacha kufanya kazi. NoScript ilibidi kiandikwe upya, na toleo lake jipya lilikuja karibu wiki moja baadaye likiwa na mwonekano tofauti, huku mambo kadhaa waliyoyazoea watumiaji yakiwa bado hayajarudishwa. Watu walilalamika na kuomba, na matoleo yaliyofuata yakaendelea kurekebisha. Ni kama kuhamia nyumba mpya paa likiwa limeezekwa lakini madirisha hayajafungwa: kazi inamalizikia mkiwa ndani.

Mfano wa pili unawahusu zaidi watu wa simu. Agosti 2020, Firefox ya Android ilitengenezwa upya, na mwanzoni ikaruhusu viendelezi 9 tu. Watumiaji waliozoea vingine waliomba virudishwe. Waliomba mwaka huo, wakaomba na uliofuata. Desemba 2023 ndipo mlango ukafunguliwa, kwa viendelezi zaidi ya 400. Ilikuwa zaidi ya miaka mitatu ya kusubiri. Walioamua kutulia na vile vilivyokuwepo, uBlock Origin na NoScript vikiwa miongoni mwao, hawakukosa kinga.

Mfano wa tatu una mwisho mwema wa aina nyingine. Mwaka 2010, shirika la Electronic Frontier Foundation la Marekani, pamoja na mradi wa Tor, walitoa kiendelezi kiitwacho HTTPS Everywhere. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha unachotuma kwenye tovuti kinasafiri kikiwa kimefungwa, kisisomwe njiani. Miaka ikapita, vivinjari vyenyewe vikaichukua kazi hiyo. Firefox iliweka mpangilio huo mwaka 2020, na vingine navyo vikawa na wa kwao. Januari 2023 kiendelezi kikastaafishwa kwa sababu hakikuhitajika tena. Ndiyo maana tunasema angalia mipangilio kwanza: kinga uliyokuwa ukiiomba huenda imeshaingizwa kwenye kivinjari. Tafuta sehemu ya usalama, uwashe mpangilio wa kutumia miunganisho salama wakati wote. Ila usiamini tovuti kwa sababu tu imefungwa kwa kufuli. Kufuli linaonyesha njia ni salama, halionyeshi kwamba uliyemfikia ni mwaminifu. Tapeli naye anaweka kufuli.

Mfano wa nne ni wa kusubiri kisichokuja. Kiwi Browser kilikuwa kivinjari cha Android kilichopendwa kwa sababu kiliruhusu viendelezi vya Chrome kwenye simu. Januari 2025 kazi yake ilisimamishwa. Kivinjari kisichopata masasisho tena ni kama dawa ya kuua wadudu iliyopita muda wake: kopo bado liko darini, lakini usilitegemee shambani. Ukisikia programu yako imeachwa, hamia nyingine. Usimsubiri mtu akuletee "toleo jipya" kutoka pembeni.

Sasisho lipo, ila halifiki kwenye simu yako

Tatizo hili linawagusa wengi vijijini, na mara nyingi mtengenezaji hana kosa.

Katika simu nyingi, Play Store imepangwa isasishe programu zenyewe pale tu simu inapokuwa kwenye Wi-Fi. Mpango huo umewekwa ili usimalize bando lako. Lakini kama Wi-Fi umeiona mara ya mwisho ulipokwenda Bariadi au Mwanza, basi kivinjari chako kinaweza kukaa miezi bila kusasishwa. Wewe unasubiri sasisho, nalo linasubiri Wi-Fi.

Chrome hupewa viraka vya usalama karibu kila wiki tangu Agosti 2023. Kiraka kinapotoka, tundu lililozibwa linajulikana na wengi, wahalifu wakiwemo. Aliyesasisha amelifunga, na ambaye hajasasisha amebaki nalo wazi. Kwa hiyo usingoje, fanya hivi wewe mwenyewe angalau mara moja kila wiki mbili:

1. Jiunge na bando, au tumia muda ambao bando lako ni nafuu, kama usiku. Sasisho la kivinjari linaweza kula makumi ya MB.
2. Fungua Play Store, bonyeza alama ya wasifu wako iliyo juu pembeni, kisha uingie kwenye sehemu ya kudhibiti programu na kifaa.
3. Angalia orodha ya masasisho yanayopatikana. Si lazima usasishe yote. Anza na kivinjari, kisha programu za benki na za fedha, kisha WhatsApp.
4. Kama simu inasema nafasi haitoshi, futa kwanza video za zamani ulizotumiwa, kisha ujaribu tena.
5. Viendelezi vya ndani ya Firefox hujisasisha vyenyewe mtandao ukiwepo. Ukitaka kuhakikisha, fungua orodha ya viendelezi na uangalie namba ya toleo.

Huenda jirani yako amepata toleo jipya nawe bado, ingawa simu zenu zinafanana. Hilo ni la kawaida. Watengenezaji wengi huanza kutoa toleo kwa asilimia ndogo ya watumiaji, wakiona halina kasoro ndipo wanapanua. Litakufikia. Usimwombe jirani akurushie faili lake.

Ipo pia sababu ya umri wa simu. Kuanzia Chrome toleo la 139, la Agosti 2025, simu inatakiwa iwe na Android 10 au zaidi. Yenye Android 8 au 9 inabaki na toleo la 138. Angalia simu yako kwenye Mipangilio, sehemu inayoeleza kuhusu simu. Kama Android yako ni ya zamani, hiyo simu itumie kwa kupiga, meseji na redio, lakini usiingilie nayo benki kwa kivinjari. Ukienda kununua simu iliyotumika mnadani, uliza toleo la Android kabla ya kuuliza bei.

Hata mlango wa mbele una siku yake

Tusiwadanganye wasikilizaji wetu kwamba duka rasmi halikosei. Yapo matukio mawili ya kujifunza.

Tarehe 4 Mei 2019, saa tisa usiku kwa saa za Afrika Mashariki, cheti kinachotumiwa kuthibitisha viendelezi vya Firefox kiliisha muda wake. Ni kama leseni ya wakala kupita tarehe bila mtu kukumbuka kuihuisha. Kivinjari kikaona viendelezi vyote havina uthibitisho, kikavizima, na kinga za watu duniani kote zikalala kwa pamoja. Siku iliyofuata toleo lililorekebishwa likaanza kutoka. Wapo ambao hawakuweza kusubiri hata siku hiyo moja, wakazima ukaguzi wa uthibitisho ili viendelezi vyao vifanye kazi. Asiyekumbuka kuuwasha tena alibaki na mlango usio na komeo. Kwa hiyo kinga ikizimika ghafla, usizime nyingine ili kuirudisha. Acha kuingia kwenye mambo ya fedha mpaka sasisho lije.

Tukio la pili ni la Desemba 2024. Kampuni ya usalama wa kompyuta iitwayo Cyberhaven ilikuwa na kiendelezi kwenye duka la Chrome. Siku moja kabla ya Krismasi, mfanyakazi wake alipata barua pepe iliyojifanya imetoka kwa wenye duka, akaingia mtegoni. Wahalifu wakapata nafasi ya kuweka toleo bovu, na kwa karibu siku nzima toleo hilo likawa linasambazwa kwa watumiaji kama sasisho la kawaida, kabla ya kugundulika na kuondolewa.

Hao ni watu wa kazi ya usalama, na wamenaswa kwa mbinu ile ile anayoitumia tapeli wa meseji. Aliyetapeliwa tusimcheke, wala wewe usidhani hutanasika. Tunachojifunza ni kuwa na viendelezi vichache. Kimoja kizuri kinatosha kwa wengi wetu. Kila unachoongeza ni mtu mwingine uliyempa ufunguo.

Angalia pia ruhusa. Kiendelezi cha usalama huomba ruhusa ya kusoma na kubadilisha data yako kwenye tovuti zote. Ruhusa hiyo ni kubwa, lakini mlinzi wa getini hawezi kukagua mizigo akiwa amefumba macho. Kwa hiyo mpe yule tu unayemwamini. Baada ya hapo, kikija na sasisho linaloomba ruhusa mpya, kivinjari kitakuuliza kwanza. Soma. Kama huoni sababu ya ruhusa hiyo, usikubali, na uulize kwenye ule ukurasa wake wa msaada.

Ukurasa ukikuambia "sasisha sasa"

Huu ndio mtego unaotumika sana. Unasoma habari, ghafla kioo kizima kinageuka chekundu: "Simu yako ina virusi 5! Kivinjari kimepitwa na wakati! Sasisha sasa!" Tovuti haina uwezo wa kuhesabu virusi kwenye simu yako. Usibonyeze hata palipoandikwa "hapana". Funga ukurasa huo, au uzime kivinjari kabisa. Ukiwa na wasiwasi kwamba huenda ni kweli, nenda Play Store mwenyewe ukaangalie. Kama sasisho lipo, utalikuta huko.

Faili lile alilotumiwa kijana wetu lingeweza kufanya nini? Programu iliyoruhusiwa kusoma meseji inaona namba za uthibitisho zinazotumwa na benki na WhatsApp. Mwizi akipata namba ya WhatsApp yenye tarakimu sita, anaihamishia akaunti yako kwake, kisha anawaandikia ndugu zako kwa jina lako: "Nimepata dharura, nitumie laki mbili." Ikiruhusiwa pia kusoma kioo cha simu, inaweza kuona namba ya siri unapoiandika. Katika simu ya mzee aliyelipwa pamba ya msimu mzima, hiyo ni hela ya chakula, ada na mbegu za mwakani.

Kama umeshaisakinisha, usikae kimya kwa aibu. Fanya haya haraka:

- Zima data au weka simu kwenye hali ya ndege, kisha uifute programu hiyo.
- Tumia simu nyingine kupiga huduma kwa wateja ya mtandao wako, namba 100, na uombe akaunti yako ya fedha ifungwe kwa muda. Piga na benki kama unayo.
- Badilisha namba za siri ukiwa kwenye simu salama.
- Wajulishe ndugu wasitume hela kwa ujumbe wowote wenye jina lako mpaka wasikie sauti yako.
- Toa taarifa polisi. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na kuingilia simu au kompyuta ya mtu bila idhini ni kosa.

Hata kama hukupoteza kitu, na hata kama una kitochi, ujumbe wa kitapeli unaweza kuupeleka kwenda 15040, namba iliyowekwa kwa ajili hiyo chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Fuata maelekezo utakayorudishiwa na uandike namba iliyokutumia. Pia piga *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda kwa mtoa huduma ukaikane.

Kijana wetu aliishia wapi?

Tulimshauri afute lile faili, na kwa kuwa alikuwa bado hajakubali ile ruhusa, hela ya mzee haikuguswa. Tukamwonyesha kwamba kwa kuanzia anaweza kwenda kwenye Mipangilio na kukizuia kivinjari kisisakinishe programu kutoka nje ya duka. Hapo hata faili likijipakua, haliwezi kuingia kwenye simu kwa kubonyeza tu. Alichokuwa anakiomba kikawa kimepatikana nusu yake bila kusubiri mtu.

Nusu iliyobaki ameiandikia ombi, safari hii kwenye ukurasa wa mtengenezaji mwenyewe. Hajajibiwa. Inaweza kuwa wiki ijayo, inaweza kuwa mwakani, na inawezekana akaambiwa haiwezekani. Anajua kwamba jibu likija litapitia mlango ule ule aliobisha, na sasisho likiwepo litakuwa ndani ya kivinjari chake. Mtu wa pembeni akija na faili mkononi, safari hii hamfungulii.

Kama nawe una swali kuhusu simu yako, tupigie au tutumie ujumbe kama unavyofanya siku zote. Na kama nyumbani kuna mzazi asiyesoma mambo haya, msomee. Simu yenye hela ni yake.